Laini ni yangu, mikeka ni ya mdogo wangu

Shikamoo Mshauri,

Nina miaka 25, ni wakala wa pesa za simu hapa Buhongwa, Mwanza. Kibanda si changu, ni cha bosi. Mimi nakaa, jioni nafunga mahesabu, mwisho wa mwezi napewa changu. Naishi na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 17. Yuko kidato cha nne, Novemba hii anafanya mtihani wa taifa. Baba alishafariki. Mama yuko Ukerewe, analima muhogo, na dagaa wakipatikana ananunua, anaanika na kuuza. Nilimchukua mdogo wangu ili asome mjini, kwa hiyo likimpata lolote nitakayeulizwa ni mimi.

Mwaka jana aliniomba laini. Hana kitambulisho cha NIDA kwa sababu hajafika miaka 18, nikamsajilia kwa jina langu na kwa kidole changu. Alisema wanatumiana maswali kwenye kundi la darasa. Ni kweli walikuwa wanatumiana. Lakini alikuwa anabeti pia.

Nilijua siku aliyokula. Ilikuwa Jumapili usiku mwezi wa nne, nikashtuliwa na kelele zake. Mkeka, yaani tiketi ya kubeti mechi nyingi kwa pamoja, wa mechi 11, dau shilingi 2,000, zote zimetiki. Baada ya makato ikaingia milioni moja, laki moja na kitu. Mshauri, meseji ilikuja na jina langu kamili. Sikumgombeza. Nilikaa kitandani nikalia, kisha tukaanza kupanga hapohapo. Nyumba ya mama ilikuwa ya nyasi. Tukanunua bati 30, mbao na misumari, tukapakia kwenye meli ya Nansio. Iliyobaki akanunua viatu vya shule na simu nzuri zaidi.

Mama alienda kutoa shukrani kanisani. Kila anayepita pale anaambiwa, "Mwanangu kaniezekea." Tulimdanganya kwamba alifanya kazi dukani kipindi cha likizo. Uongo huo niliutunga mimi.

Tangu hapo mtoto halali. Mechi za Ulaya zikiisha anahamia kwenye kindege, kile cha kwenye simu kinachopaa na namba inapanda, unatakiwa utoe pesa kabla hakijaruka. Naona mwanga wa simu ndani ya chandarua hadi saa tisa usiku. Mtihani wa mock ametoka daraja la pili mpaka la nne. Siku moja nilikuwa napanga vitu vyake, nikafungua daftari la Jiografia. Kurasa za mbele kachora Bonde la Ufa kwa penseli, vizuri kabisa. Nikageuza nyuma nikakuta timu. Za Finland, za Uturuki, za wanawake, za vijana chini ya miaka 19. Chini ya kila orodha kaandika "imebaki moja". Kurasa saba, imebaki moja, imebaki moja.

Agosti nilienda msibani, nikamwachia kibanda kwa saa chache. Jioni nikifunga, floti, yaani pesa ya bosi ya kuendeshea kibanda, imepungua 240,000. Alihamisha mara nne. Alipiga magoti, akalia mpaka akatapika, akaapa. Nilikopa kwenye kikoba nikarudisha kabla bosi hajajua. Haikupita wiki mbili ikaja meseji ya kudaiwa mkopo wa simu, 60,000. Jina langu tena.

Kuna kitu sijamwambia mtu. Wateja wangu kuanzia Ijumaa jioni ni vijana hao hao wa kuweka buku, buku mbili, na najua zinakoenda. Kamisheni yangu ya wikiendi inatoka kwao. Na mwezi wa tano nilimpa 1,000 aniwekee mechi tatu, nikala 6,000 na kitu. Nilifurahi kuliko siku ya mshahara. Sasa nimuonye kwa mdomo upi?

Wiki iliyopita mama kapiga simu. Anataka kuuza mbuzi wawili amtumie mdogo wangu mtaji, kwa sababu kamwambia kuna biashara anaifanya. Mama anasema huyu mtoto ana mkono wa baraka. Nikimwambia ukweli, presha itamwangusha, na zile bati atakuwa anazitazamaje? Nikinyamaza, mbuzi wanaenda. Nikimnyang'anya mdogo wangu laini sasa hivi, miezi miwili kabla ya mtihani, naogopa atavurugika kabisa. Nimrudishe Ukerewe? Nisubiri Novemba ipite? Nisaidie.

Dada Mwenye Laini, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma asubuhi, nikairudia jioni, na mara zote mbili nilisimama pale kwenye mwanga wa simu ndani ya chandarua. Nilijiuliza na wewe umelala usiku mingapi tangu mwezi wa nne. Umeeleza usingizi wa mdogo wako, wako hukuutaja.

Nikikuelewa vizuri, umefunga mizigo mitatu kwenye kanga moja. Kuna mtoto unayempenda ambaye kubeti kumemzidi nguvu. Kuna uongo ambao mama amejengewa paa juu yake. Na kuna wewe, unayeona kwamba mikono yako imo ndani ya jambo hili, kwa hiyo huna haki ya kusema. Swali lako kubwa ni moja, nimwambie mama au nisimwambie, lakini linakuwa zito hivyo kwa sababu linavuta mizigo yote mitatu kwa pamoja. Niruhusu nifungue kanga taratibu.

Nianze na mwezi wa nne, maana nadhani unautazama tofauti na mimi. Kwako shida ilianza Agosti floti ilipopungua, na ule ushindi ulikuwa baraka iliyokuja kuharibika baadaye. Mimi nahofia ushindi wenyewe ndio uliomshika. Mtoto wa miaka 16, 17, hana baba, anaweka buku mbili na kesho yake mama yake hanyeshewi tena. Kuna kazi gani nyingine duniani iliyowahi kumlipa hivyo? Usiku ule hakupata pesa tu, alipata kuwa mwanaume wa nyumba. Kila mkeka tangu siku hiyo, nadhani, anautafuta usiku ule.

Na kwa hesabu, usiku ule hauko karibu kama anavyodhani. Chukua mkeka wake uleule. Buku mbili kuzaa karibu milioni moja na laki tatu kabla ya makato kwa mechi 11 maana yake kila mechi ilikuwa na odi, ile namba ambayo dau huzidishwa nayo ukishinda, ya 1.80 hivi. Kampuni haitoi odi sawasawa na uwezekano wenyewe, huwa inajikatia kidogo. Tuseme inakata 5 katika kila 100 kwa kila mechi. Kwenye mechi moja huoni kitu. Lakini kwenye mkeka makato hayo yanazidishana mechi kwa mechi, na zikifika 11, katika kila shilingi 100 anazoweka, kwa wastani zinarudi kama 57 tu. Mkeka wa namna ile unatiki mara moja katika mara 1,100 na kitu. Mkeka mmoja kila siku, hiyo ni miaka mitatu. Atakuwa ameweka zaidi ya shilingi 2,200,000 ili aipate ile 1,285,000, na kodi bado. Yeye ilimwangukia mapema. Ndiyo maana anaamini anajua.

Sasa lile neno la kwenye daftari. "Imebaki moja." Mkeka wa mechi 11 uliokosa moja na uliokosa tisa vyote vinalipa sifuri, ila moyoni havifanani hata kidogo. Uliokosa moja unasema ulikaribia, rudi kesho. Watafiti wa tabia walikwishaona zamani, tangu B. F. Skinner wa Marekani na njiwa wake, kwamba kiumbe anayelipwa kwa kubahatisha, asijue safari ipi atapata, hung'ang'ania kuliko anayelipwa kila mara, na ukiacha kumlipa huchelewa sana kukata tamaa. Kindege kinafanya jambo hilohilo kwa kasi zaidi, raundi inaisha kwa sekunde. Kwa hiyo mdogo wako alipopiga magoti na kuapa, sidhani alikuwa anaigiza. Aliapa kwa moyo wote, kisha usiku ukaingia na simu ikawaka.

Shirika la Afya Duniani linahesabu uraibu wa kamari kuwa ugonjwa, umo kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Sisemi mdogo wako anao. Hilo ni la mtu atakayekaa naye uso kwa uso. Nalitaja kwa sababu umeandika kuhusu kumuonya, na onyo ni la mtu ambaye hajui anakosea. Huyu anajua. Alilia mpaka akatapika.

Unauliza umwambie kwa mdomo upi. Mwanangu, umejihukumu kwa haraka sana. Ni kweli kamisheni ya Ijumaa inatoka kwa vijana wale, sitakuambia haikuhusu. Unawajua kwa sura, na unawajua hata wale ambao jana uliwaona na sare za shule. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza, na najua wakala haulizi pesa inaenda wapi. Utakavyofanya na wale wadogo kabisa wakija dirishani ni jambo lako na dhamira yako, na bosi naye atakuwa na lake. Lakini ile 6,000 ya mwezi wa tano mimi siioni kuwa inakuziba mdomo. Wewe ni mmoja wa wachache wanaoweza kumwambia, "Najua inavyokuwa, hata mimi ilinishika." Kijana anayejiona mchafu peke yake husikia sauti ya namna hiyo kabla ya mahubiri.

Tuje kwenye laini. Hapa kuna kitu ambacho kiko mikononi mwako kweli, kwa sababu mbele ya kampuni ya kubeti na ya simu, mchezaji ni wewe, mwanamke wa miaka 25. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, usije ukakuta ziko mbili. Kwa kuwa laini ni yako, unaweza kuomba taarifa ya miamala, unaweza kubadilisha namba ya siri, unaweza kuomba akaunti ya kubeti ifungwe. Ule mkopo wa 60,000 nao utaendelea kukufuata wewe, si yeye, na siku utakapohitaji kukopa kwa shida ya kweli utaukuta unakusubiri.

Lakini usidhani kuchukua laini kutamaliza. Kuna hatari mbili. Ataazima laini ya rafiki, au ataingia kwenye yale mabanda ya mashine ambako hakuna jina wala meseji, na utapoteza hata hicho kidogo unachokiona sasa. Ya pili uliitaja mwenyewe, kundi la darasa analitumia kweli, na kumkatia miezi miwili kabla ya mtihani ni kumkatia na maswali. Wapo wanaokubaliana na kijana simu ilale chumbani kwa mkubwa kuanzia saa tatu usiku, na laini ya kundi isiwe na pesa ndani yake. Wengine hilo linawashinda siku ya pili. Sijui nyumba yenu ni vyumba vingapi, wala kama ana ukali. Unajua wewe.

Namba ya siri ya kibandani ibadilishe leo. Hili sina la kulipima. Usimwambie ni adhabu, mwambie hutaki kumwachia tena kishawishi ambacho hata mtu mzima kingemshinda. Kuhusu bosi, pesa imerudi, na ukimwambia unaweza kupoteza kazi inayowalisha wote wawili. Usipomwambia, utaendelea kuruka kila simu yake ikiita. Nimewaona walionyamaza wakapumua, na walionyamaza wakaja kugunduliwa kwa mdomo wa mtu mwingine. Siwezi kukuchagulia hapo.

Sasa mama. Unasema presha itamwangusha. Inawezekana, na kama presha anayo na dawa anakunywa, hilo si la kupuuzwa. Ila nikuulize. Huyu ni mwanamke aliyezika mume, akabaki kisiwani na watoto, anaishi kwa dagaa. Anajua mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti kitu, na anajua mvua ikimkuta na dagaa juani mtaji umekwenda. Kuna mtu kati yenu watatu anayezijua kupata na kukosa kuliko yeye? Pengine unachokiogopa zaidi ni uso wake siku akijua kwamba habari ya kazi ya dukani uliitunga wewe. Kama ni hivyo, sikulaumu hata kidogo. Lakini hiyo ni hofu nyingine, na dawa yake nyingine.

Kumwambia sasa kuna hatari zake. Habari inaweza kufika kwa wajomba, wakaja na fimbo. Inaweza kufika kanisani, na kijana aliyetolewa ushuhuda pale akajiona ameanikwa. Anaweza kuingia chumba cha mtihani na aibu hiyo. Kusubiri Desemba nako kuna gharama. Oktoba na Novemba mechi zinachezwa karibu kila siku, mbuzi wanaweza kuwa wamekwenda, na mama atakuwa ametia mkono wake bila kujua. Siku akijua, hilo ndilo litakalomuuma, pengine kuliko bati.

Kuna njia ya katikati ambayo nakupa kwa tahadhari. Mpigie mama umwambie, "Mama, mbuzi wasiuzwe kwanza, kuna jambo nitakuja kukueleza mwenyewe." Si uongo, na mbuzi wanapona. Ubaya wake ni kwamba mama akisikia "kuna jambo" halali tena, na atampigia mtoto kumuuliza. Kwa hiyo kabla ya simu hiyo, zungumza na mdogo wako. Mwambie mbuzi hawatauzwa na kwa nini. Muulize kama angependa mama alisikie kwake, na lini. Yeye ndiye aliyeezeka. Huenda akataka kulibeba mwenyewe, huenda akakuomba umshike mkono, huenda akakukasirikia wiki nzima. Kumrudisha Ukerewe kabla ya Novemba nakuachia, ila ujue mtandao uko na kule, na kituo chake cha mtihani kiko hapa.

Msiwe wawili tu kwenye jambo hili. Shuleni, tafuta mwalimu wa ushauri nasaha kabla ya mwalimu wa nidhamu, maana neno hilohilo likianzia kwa huyu wa pili linaweza kuishia kwenye barua ya kusimamishwa masomo. Hospitali ya Bugando ina idara ya magonjwa ya akili, na kuingia pale si kuwa kichaa. Kwa kuwa hajafika miaka 18, namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto ni yake pia, hailipiwi, na anaweza kupiga mwenyewe bila wewe kusikia. Na hili nisikilize vizuri. Ukimsikia anasema bora asingekuwepo, au akianza kugawa vitu vyake, au akinyamaza ghafla baada ya hasara kubwa, usimwache peke yake usiku huo, na kesho yake mwende hospitali, mtihani au si mtihani. Madeni ya kamari yameondoa vijana, na mara nyingi waliokuwa karibu walidhani ni hasira tu.

Ukipata taarifa ya miamala, usimpige nayo usoni. Kaa naye na daftari lile, mwandike pamoja alichoweka na alichotoa tangu Aprili, pamoja na ile mikeka isiyokaribia, ambayo kwenye kurasa zake saba sikuona umeitaja. Anaweza kukataa, na ukiona ameinamisha kichwa, funga, mtaendelea siku nyingine. Daftari lenyewe usilitupe wala usichane kurasa za nyuma. Bonde la Ufa liko mbele, kalichora vizuri, na Novemba atalihitaji.

Niandikie tena, hata mistari miwili. Uniambie na wewe umelalaje.